Umezibuliwa mshipa wa moyo, sasa nani afanye nini? Maswali tunayoulizwa wodini

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya moyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba maswali mazuri hayaulizwi daktari anapopita raundi. Yanaulizwa saa nane usiku, au mlangoni, na ndugu anayenong'ona ili mgonjwa asisikie. Haya hapa chini ndiyo yanayojirudia kwa watu waliozibuliwa mishipa ya moyo kwa njia ya tundu dogo. Vipimo vya dawa na muda nilioutaja ni vya kawaida tu. Vyako anaviandika daktari anayekujua.

Huu "uuguzi shirikishi" mnaousema ni kitu gani hasa?

Ni kugawana kazi. Kwa mazoea tuliyoyazoea, nesi anafanya, mgonjwa anafanyiwa, ndugu anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Katika uuguzi shirikishi kila mmoja ana zamu yake. Nesi anakagua jeraha na kupima. Mgonjwa anasema anachohisi bila kusubiri kuulizwa. Ndugu anajifunza dawa kabla hajaenda kuzichukua dirishani. Daktari, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia na wa lishe wanaandika kwenye mpango mmoja, si kila mtu na karatasi yake.

Sababu ni hesabu rahisi. Wengi waliozibuliwa bila dharura wanaruhusiwa kesho yake, wengine jioni ileile. Matibabu ya baadaye yanachukua miezi sita, kumi na miwili, au maisha yote. Sisi tuna saa 24, ninyi mna zilizobaki.

Sista, mshipa si umeshazibuliwa? Mbona mnaniambia bado naumwa?

Kwa sababu kilichozibuliwa ni sehemu moja, pengine sentimita mbili tatu tu. Mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa yako mingine yako palepale, pamoja na presha, sukari au sigara iliyoyaleta.

Kuna la pili. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, na mshipa ukatanuka. Ilikuwa mara ya kwanza. Lakini mishipa mingi iliyotanuliwa kwa puto peke yake ilisinyaa tena ndani ya miezi michache, na mwaka 1986 nchini Ufaransa Jacques Puel akaweka stenti ya kwanza ndani ya mshipa wa moyo wa binadamu. Stenti ni wavu wa chuma. Unashikilia mshipa usifunge, lakini damu inauona kama mgeni. Mpaka utando laini wa ndani ya mshipa utandae juu yake na kuufunika, damu inaweza kuganda juu yake. Ndiyo maana tunakusumbua na vidonge.

Kwa nini nesi anakuja kila baada ya dakika 15? Silali!

Pole, na hatutaacha. Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, ila mtindo wa kawaida ni kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila nusu saa kwa muda unaofuata, kisha kila saa. Akija haangalii presha peke yake. Anagusa vidole vyako kama vina joto, anatafuta mapigo mbele ya jeraha, yaani juu ya unyayo au kwenye kifundo cha mkono, halafu anabonyeza polepole kuzunguka jeraha.

Utamwona pia anakuchora kwa kalamu. Alama ya msalaba juu ya unyayo ni mahali mapigo yalipopatikana, ili wa zamu inayofuata asianze kupapasa upya. Duara kuzunguka uvimbe ni mpaka wa damu iliyovilia chini ya ngozi, na saa inaandikwa pembeni. Uvimbe ukivuka ule mstari, hatubishani kama umeongezeka au la. Umevuka. Wewe mwenyewe unaweza kuusoma mstari huo, na kuna wagonjwa wameuona kabla yetu. Hilo ndilo tunalolitaka.

Mwenzangu alipitishiwa mkononi akakaa kitini muda uleule. Mimi nimepitishiwa kinenani nimelazwa chali. Kuna upendeleo?

Hakuna. Njia ya mkononi, ambayo Ferdinand Kiemeneij alianza kuitumia kuzibua mishipa ya moyo mwaka 1992, inavuja damu kidogo kuliko ya kinenani, na mtu anainuka mapema. Lakini mishipa ya mkono wa mtu mwingine ni myembamba au imejikunja, au vifaa vinavyotakiwa ni vinene. Hapo daktari anapita kinenani.

Wa mkononi anavalishwa bangili ya plastiki yenye mfuko wa hewa. Tunaipunguza hewa mililita chache kwa awamu, tukitazama kama damu inarudi. Bangili haitakiwi kubana mpaka mkono unyimwe damu kabisa, kwani mshipa unaweza kuziba moja kwa moja. Tunakuvalisha kidoleni kile kibanio cha kupima oksijeni, tunakandamiza mshipa wa upande wa kidole kidogo, na wimbi la mapigo likiendelea kuonekana kwenye skrini tunajua mshipa uliopitishiwa mrija bado unapitisha damu. Kazi yako ni kuuinua mkono kidogo, kutousukumia kitandani unapojigeuza, na kusema vidole vikifa ganzi.

Wa kinenani analala mguu ukiwa umenyooka kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya mbili na sita. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka, weka kiganja juu ya bandeji ubonyeze. Ukitaka chombo cha haja, ita mtu. Usijinyanyue kwa kiuno.

Nilipotolewa ule mpira uliopitishiwa vifaa kinenani nilikaribia kuzimia. Kulikuwa na makosa?

Si lazima. Mkandamizo na maumivu vinaweza kuamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo. Mtu anapauka, anatoka jasho jembamba, anapiga miayo, mapigo yanashuka na presha nayo. Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili: mmoja amebonyeza kinena na haachi hata paa lianguke, wa pili macho kwenye monita, dripu inakwenda, atropini, dawa ya kuongeza kasi ya moyo, iko karibu. Miguu inainuliwa, dawa inaingia, na baada ya dakika chache mgonjwa anauliza imekuwaje.

Kabla ya hapo tunapima kama dawa ya kulainisha damu uliyopewa kwenye chumba cha mtambo, yaani kile ulichozibuliwa mshipa, imepungua nguvu. Ukiona tunachelewa kuutoa mpira, tunangojea kipimo hicho.

Dalili gani niziseme papo hapo, hata kama nesi ana shughuli?

Maumivu au kubanwa kifua, hata kama ni kidogo kuliko yale ya mwanzo. Unyevunyevu wa uvuguvugu chini ya paja au kwenye shuka. Hiyo huwa ni damu, na watu wengi wanadhani wamejikojolea wanaona haya kusema. Mguu au mkono kuwa baridi, mweupe au wenye ganzi. Mkono kuvimba na kukakamaa kuelekea kiwiko. Mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono mmoja kulegea. Vipele vya kuwasha au kukosa pumzi.

Na mgongo. Hapa naomba usome taratibu. Aliyepitishiwa kinenani akipata maumivu ya kiuno au ubavu upande mmoja, damu inaweza kuwa inavuja ndani, nyuma ya tumbo, mahali ambapo hakuna uvimbe wala tone linaloonekana kwenye bandeji. Mzee mmoja alinyamaza saa nzima kwa sababu, kwa maneno yake, "nilidhani ni godoro." Bandeji ilikuwa kavu kabisa. Tuliyemshukuru ni binti yake, aliyekuja kaunta kusema, "Sista, baba hajawahi kulalamika mgongo." Tulipopima, mapigo yalikuwa juu na presha imeanza kushuka. Kulala chali kwa saa nne kweli kunaumiza mgongo, na mara nyingi ndiyo sababu yenyewe. Lakini anayeamua ni godoro au si godoro awe mtu mwenye mashine ya presha mkononi.

Mbona mnakabidhiana zamu kando ya kitanda changu, mkinitaja mbele yangu?

Ili utusahihishe. Kwa uzoefu wangu, mambo hayaharibiki sana mikononi mwa mtu mmoja. Yanaharibikia njiani, kati ya mkono na mkono: kutoka chumba cha mtambo kuja wodini, kutoka zamu ya usiku kwenda ya asubuhi, kutoka wodini kwenda nyumbani.

Tunakabidhiana kwa mpangilio wa mambo manne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yangu, ninachoomba kifanyike. Mpangilio huu haukuanzia hospitali. Asili yake ni jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi, ambako mtu mdogo kwa cheo anapaswa kumweleza mkubwa jambo la hatari bila kuzungukazunguka. Kwa mgonjwa wa moyo tunataja mshipa uliozibuliwa, stenti ngapi, mpira umetoka au bado, heparini, ile dawa ya kulainisha damu, ya mwisho ilitolewa saa ngapi, na dozi ya kwanza kubwa ya dawa ya kuzuia damu kuganda imeshatolewa au la.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Kwenye wodi moja niliyowahi kufanya kazi, karatasi ya dawa ilisahaulika chumba cha mtambo. Nikaandaa miligramu 600 za klopidogreli, vidonge vinane vya miligramu 75 kwenye kikombe. Mgonjwa akavitazama, akavihesabu, akasema, "Sista, vinane nimeshameza kule chini." Nilipiga simu, na kweli alikuwa amemeza. Tangu siku hiyo siku zote namuuliza mgonjwa kwanza.

Kunywa maji mengi na kupimiwa mkojo ni vya nini?

Ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha inatolewa na figo, na figo dhaifu zinaweza kuelemewa, hasa kwa mwenye kisukari, mzee, au aliyeingia na presha ya chini. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, hupanda ndani ya siku mbili tatu, wakati wengi mmeshafika nyumbani, ndiyo maana wengine tunawapa tarehe ya kurudi kupima damu.

Ila "maji mengi" si kwa kila mtu. Mwenye moyo uliochoka akinywa kupita kiasi yanajaa kwenye mapafu. Uliza kiasi chako. Ndugu aandike vikombe vilivyoingia na mkojo uliotoka. Ni kazi ya daftari na kalamu, na huwa wanaifanya vizuri kuliko sisi tulio na vitanda kumi. Anayemeza metfomini, dawa ya kisukari, aulize lini aendelee nayo, maana figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa muda.

Nimepewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Nikijisikia vizuri naweza kuacha moja?

Hapana. Kama utasahau kila kitu humu, bakiza jibu hili.

Kwa kawaida ni aspirini, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, pamoja na ya pili: klopidogreli miligramu 75 mara moja kwa siku, au tikagrelo miligramu 90 mara mbili kwa siku, au prasugreli. Aliyewekewa stenti bila dharura mara nyingi hutumia zote mbili kwa miezi 6. Aliyepata shambulio la moyo, miezi 12. Daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayevuja damu kirahisi, au kurefusha. Baada ya hapo moja huendelea.

Ukikatisha mapema, stenti inaweza kuziba ghafla. Haizibi polepole ikakupa onyo. Ni shambulio la moyo papo hapo, na mwezi wa kwanza ndio wa hatari zaidi. Nilichokigundua ni kwamba watu hawaachi dawa kwa ukaidi. Wanaacha kwa sababu zinazoeleweka, na kila moja ina jibu.

Daktari wa meno kasema acha kwanza. Mwambie awasiliane na daktari wako wa moyo kabla. Kazi nyingi za meno hufanyika bila kuacha. Upasuaji mwingine wowote, vivyo hivyo.

Tumbo linawaka. Usiache, omba dawa ya kukinga tumbo. Hapa mfamasia ana lake, kwani omeprazoli, mojawapo ya dawa hizo, inapunguza nguvu ya klopidogreli, na kuna nyingine za kundi hilo zisizoleta shida hiyo sana.

Nakosa pumzi. Kama unatumia tikagrelo, inaweza kuwa dawa yenyewe. Njoo tuangalie kama ni dawa au ni moyo, na kama ni dawa daktari anaweza kukubadilishia.

Zimeisha na kliniki ni wiki ijayo. Hii ni ya ndugu. Hesabu vidonge kila Jumapili, na vikibaki vya siku kumi anza kutafuta vingine.

Umesahau dozi moja? Meza inayofuata kwa wakati wake, usimeze mbili. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida: hospitali siku hiyohiyo. Kwa maumivu ya viungo usijinunulie diklofenaki au ibuprofeni. Uliza kwanza.

Kwa nini nesi ananiuliza maswali kama mtihani kabla ya kuniruhusu?

Hakupimi wewe, anajipima yeye. Tukikuuliza "umeelewa?" kila mtu anaitikia ndiyo. Tukikuambia "hebu nieleze utakavyozimeza kesho asubuhi," ndipo tunasikia kwamba mtu amepanga kumeza ile ya mara mbili kwa siku mara moja, kwa kuwa vidonge vya asubuhi ni vingi mno. Kosa hapo ni letu, hatukueleza. Tunaanza upya, na safari hii ndugu anakaa karibu. Si yule mwenye sauti kubwa kwenye familia. Tunamtaka anayelala nyumba moja na mgonjwa.

Jeraha likivuja nyumbani nifanyeje?

Lala chini, bonyeza kwa nguvu juu ya tundu kwa dakika kumi bila kuchungulia. Kama wewe mwenyewe huwezi, abonyeze ndugu. Haijakoma, au inaruka kwa nguvu tangu mwanzo? Endeleeni kubonyeza na piga namba ya dharura. Kuoga kwa maji ya kumwagika ni sawa baada ya siku moja. Kujilaza ndani ya maji, subiri wiki. Usinyanyue kinachozidi kilo tano hivi kwa siku chache kama ni mkononi, kwa wiki kama ni kinenani. Kauvimbe kadogo kama punje na michubuko ya rangirangi ni kawaida. Uvimbe unaodunda kama moyo si kawaida.

(Mlangoni, kwa sauti ya chini) Na mambo ya ndani?

Ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa kifua wala kuhema kupita kiasi, kwa kawaida unaruhusiwa, jeraha likishapona. La hatari ni kuchanganya dawa za nguvu za kiume na ile ya kubanwa kifua inayowekwa chini ya ulimi: presha inaweza kuanguka vibaya sana. Kama unazitumia tuambie, hata kwa kuandika kwenye karatasi. Hatushangai.

Stenti italia kwenye mashine za uwanja wa ndege? Kipimo cha MRI je?

Hailii. MRI inawezekana kwa stenti za siku hizi, ila waambie kwamba unayo.

Mume wangu amerudi salama lakini analia, hataki hata kutoka nje.

Tunaliona sana, na kwa wanaume linajificha ndani ya hasira. Mtu aliyekuwa anategemewa ghafla anaambiwa asinyanyue ndoo. Sonona baada ya shambulio la moyo si udhaifu wala ukosefu wa imani, na inamfanya mtu aache dawa na mazoezi. Litaje kwenye kliniki kama unavyotaja presha. Na msimfanye yai. Mpeni kazi: kupima presha yake na kuandika, kutembea mpaka mahali fulani na kurudi.

Kutembea huko ndiko kunakoanzisha mazoezi ya kurudisha nguvu za moyo. Kipimo chake ni mdomo. Ukiweza kuongea huku unatembea, kasi inafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Pakiwepo programu rasmi ya mazoezi ya wagonjwa wa moyo, omba uandikishwe kabla hujaondoka wodini, kwa sababu wengi tunaowaambia "mtakuja baadaye" hatuwaoni tena.

Mimi nilifunguliwa kifua nikapandikizwa mishipa. Haya yananihusu?

Ya dawa, wasiwasi na kukabidhiana, ndiyo. Ya jeraha, hapana: mfupa wa kifua unahitaji wiki sita hadi nane kuunga, na muda huo hujisukumi kwa mikono kuinuka kitandani.

Kliniki ya kwanza nije na nini?

Vidonge vyenyewe, si majina yake. Daftari la presha. Ndugu uliyekuja naye mara ya kwanza. Tutapima mafuta ya damu wiki nne hadi sita baada ya kuanza dawa yake. Kwa mtu kama wewe madaktari wengi wanataka lehemu mbaya (LDL) iwe chini ya milimoli 1.4 kwa lita. Usiseme dawa umemeza zote kama hukumeza. Tukidanganywa, daktari ataongeza dozi ya dawa usiyoimeza.

Kifua kikinibana usiku, nimpigie nesi kwanza?

Hapana, mimi niache. Kaa chini. Kama ulipewa dawa ya chini ya ulimi, weka moja. Dakika tano zikipita bila nafuu, au maumivu yakizidi, piga namba ya dharura au mkupeleke hospitali yenye huduma ya moyo iliyo karibu, usiendeshe mwenyewe. Ukifika, ndugu aseme mambo matatu kabla ya kuulizwa: ana stenti, iliwekwa tarehe hii, dozi ya mwisho ameimeza saa hii. Mawili ya kwanza yako kwenye kadi ya stenti uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kadi isikae kabatini pamoja na vyeti. Ikae kwenye pochi, na picha yake kwenye simu ya yule anayelala nyumba moja na wewe.